Lubumbashi: Uzi wa kushonea kinywa, swali la kwanza ni kama mgonjwa atarudi

Mgonjwa anang'olewa jino la mwisho kabisa la taya la chini. Munganga amelazimika kupasua ufizi kidogo ili alifikie, sasa inabaki kufunga kidonda. Kwa mgonjwa, uzi ni uzi tu. Lakini uzi huo utakaa mdomoni siku saba, wiki mbili au hata zaidi, katikati ya mate, bukari na vijidudu visivyohesabika. Ukichaguliwa vibaya, kidonda kinaweza kufunguka ama kutunga usaha.

Mjini Lubumbashi, kuanzia Katuba mpaka Ruashi, mara nyingi munganga hachagui peke yake. Jamaa ya mgonjwa anapewa karatasi na kutumwa farmasi: glavu, kompresi, dawa ya ganzi, uzi. Karatasi ikisema "uzi" bila kuongeza neno, atarudi na ule ambao muuzaji alikuwa nao siku hiyo.

Kuna jamii mbili: nyuzi zinazoyeyuka mwilini zenyewe, na zile ambazo lazima zitolewe. Katika zinazotolewa, hariri nyeusi ndiyo iliyozoeleka zaidi kinywani. Wanganga wanaipenda kwa sababu ni laini, fundo lake halilegei ovyo na ncha zake hazichomi ulimi wala shavu. Ubaya wake uko katika ufumaji: imesukwa kwa nyuzi ndogondogo, na kama utambi wa taa ya petroli, inanyonya mate na kuingiza vijidudu ndani ya kidonda. Ndiyo maana haiachwi muda mrefu. Kwa kawaida inatolewa siku ya saba hivi.

Hapo ndipo shida inaanza. Mtu anayekaa Kamalondo atarudi kwa miguu ama kwa taksi. Mtu aliyetoka Kasenga, kule kwenye mto Luapula, akisikia maumivu yameisha hatalipa tena nauli ya kuja kutolewa uzi. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, na kwa mtoto anayeogopa mkasi, uzi unaoyeyuka ndio wa busara, hata kama bei yake iko juu kidogo. Nauli ya kwenda na kurudi inaweza kupita tofauti hiyo ya bei.

Lakini si kila uzi unaoyeyuka ni sawa. Katiguti, ya zamani kuliko zote, inatengenezwa kwa matumbo ya kondoo ama ya ng'ombe. Uingereza na nchi nyingine za Ulaya ziliachana nayo tangu 2001 kwa hofu ya ugonjwa wa ng'ombe wazimu, ila sehemu nyingi za dunia bado zinaitumia. Kinywani, ile ya kawaida inapoteza nguvu baada ya siku chache tu. Ile iliyotiwa kromiki inavumilia zaidi, lakini mate yanaifupishia maisha nayo pia.

Halafu kuna nyuzi za kiwandani, kama poliglaktini, inayojulikana kwa jina la Vicryl, ya tangu miaka ya 1970. Aina ya kawaida inabaki na nusu ya nguvu yake katika wiki ya tatu, na mwili unaimaliza kati ya siku 56 na 70. Kwa ufizi unaojifunga haraka, hiyo ni zaidi ya mahitaji. Wagonjwa wanabaki wakilalamika kwamba kitu kinawakwaruza. Aina ya haraka, inayoshikilia siku 10 hadi 14 na kuisha siku ya 42 hivi, inafaa zaidi. Majina yanakaribiana sana, kwa hiyo karatasi ya munganga iandikwe yote.

Iandikwe pia namba, na hapa wengi wanakosea. Kadiri sifuri zinavyoongezeka, ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba: 4-0 ni mwembamba kuliko 3-0. Kinywani hizo mbili ndizo za kila siku. Sindano nayo ina maana yake. Inayopendelewa ni iliyopinda, yenye makali upande wa nje wa mpindo, ili uzi ukivutwa usipasue ufizi kuelekea kidonda.

Mdomo uliopasuka katika ajali ya moto ni habari nyingine. Ndani na kwenye misuli unatiwa uzi unaoyeyuka. Ngozi ya nje inashonwa kwa nailoni nyembamba, 5-0 au 6-0, inayotolewa siku ya tano hivi. Mshono wa kwanza unawekwa pale ngozi inapokutana na wekundu wa mdomo. Ukikosea milimeta moja, uso utaonyesha maisha yote.

Farmasini, mnunuzi atazame kama pakiti imefungwa vizuri na tarehe haijapita. Nyuzi za kiwandani zinazoyeyuka zinavunjwa na maji, hata unyevu wa hewa: pakiti iliyotoboka wakati wa mvua inaweza kuwa imepoteza nguvu bila kuonyesha alama yoyote. Na uzi uliofunguliwa kwa mgonjwa mmoja usitumiwe kwa mwingine, hata ukilowekwa kwenye alkoholi. Hepatiti B na virusi vya UKIMWI havichezewi.

Tena, si kila jino linalong'olewa linahitaji kushonwa. Mara nyingi kuuma kompresi nusu saa kunatosha.

Kwa aliyeshonwa, fundo likilegea asilivute. Arudi upesi kama damu haikomi hata baada ya kuuma kompresi, kama kuna usaha ama homa, au kama kinywa kinakataa kufunguka. Na kama ni hariri, arudi siku aliyopewa hata kama hasikii maumivu: kuitoa ni kazi ya dakika chache, kwa kawaida bila sindano ya ganzi.