Kobe wa jangwani katika Plinius: uzito wa neno «inavyoaminika»

0. Utangulizi

Kobe anajulikana sana katika ngano za watu wanaosema Kiswahili na lugha zilizo jirani nacho. Katika ngano hizo msikilizaji hadanganyiki. Fanani akisema kwamba kobe alimshauri mfalme, hata mtoto mdogo anaelewa kwamba amealikwa kusikiliza hadithi. Lakini yapo maandishi ya namna nyingine, ambayo humweleza mnyama wa ajabu kwa mtindo wa elimu: makazi yake, chakula chake, faida yake kwa wanadamu. Hapo hakuna «hapo zamani za kale» ya kumtahadharisha msomaji.

Makala haya yanachunguza mfano mmoja wa maandishi hayo: kobe wa majangwa ya Afrika aishiye kwa umande na kuvunja uchawi, kama anavyoelezwa na Mroma Plinius katika karne ya kwanza. Kusudi ni mawili. Kwanza, kuonyesha ni kitu gani katika sifa za kobe huyo kinakubaliana na maarifa ya leo. Pili, kuonyesha jinsi maneno madogo kama «inavyoaminika» na «yasemekana» yanavyobeba dhamana ya usemi, na hasara inayopatikana mfasiri akiyaacha.

1. Plinius na kitabu chake

Gaius Plinius Secundus alikuwa afisa wa dola ya Roma. Alifariki mwaka 79 B.K., wakati mlima Vesuvius ulipolipuka. Kitabu chake, Naturalis Historia, yaani maelezo ya viumbe na mambo ya asili, kina sehemu 37, nacho kilitolewa kwa heshima ya Titus mnamo mwaka 77. Katika dibaji, Plinius anaeleza kwamba amekusanya mambo 20,000 kutoka kwa waandishi 100, baada ya kusoma mabuku yapatayo 2,000.

Tarakimu hizo zinafaa kukumbukwa. Plinius alikuwa mkusanyaji kuliko mchunguzi. Mengi aliyoyaandika aliyasoma kwa wengine, na wale wengine waliyasikia kwa wasafiri, wafanyabiashara na waganga. Kwa hiyo swali «nani asema?» limo ndani ya kitabu chake kutoka mwanzo hadi mwisho.

2. Kobe anavyoelezwa

Habari za kobe zimo katika sehemu ya 9, panapotajwa umande, na katika sehemu ya 32, inayohusu dawa zitokazo kwa viumbe vya majini. Plinius anataja aina nne: wa nchi kavu, wa baharini, wa matopeni, na wa maji matamu. Kilatini kinawaita wote kwa neno moja, testudo. Kiswahili sanifu hakikubali umoja huo: kobe ni wa nchi kavu, kasa ni wa baharini, na ng'amba ni yule kasa ambaye gamba lake lina thamani kubwa. Mfasiri analazimika kuchagua kila mara neno hilo linapotokea.

Tofauti hiyo ya Kiswahili inalingana na historia ya pwani. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha mabaharia kilichoandikwa katika karne hiyo hiyo ya kwanza, kinataja magamba ya kasa na pembe za ndovu kati ya bidhaa zilizotoka Rhapta, soko la pwani ya Afrika ya Mashariki. Kitabu hicho kinataja pia kobe wa milimani katika kisiwa kilichoitwa Menuthias.

Kuhusu kobe wa nchi kavu, Plinius anasema mambo haya. Wanapatikana katika majangwa ya Afrika, mahali penye mchanga mkavu kabisa pasipo maji. Inavyoaminika, wanaishi kwa unyevu wa umande. Hakuna mnyama mwingine atokeaye huko. Nyama yao, kama inavyosimuliwa, inafaa kwa kufukiza, kwa kuzuia uchawi na kwa kupinga sumu. Huko Afrika, yasemekana, kobe aliyekatwa kichwa na miguu hutolewa kuwa dawa ya sumu, na mchuzi wake huondoa vifundo vya shingoni, ugonjwa wa wengu na kifafa. Damu yao huangaza macho na kuondoa mtoto wa jicho.

Hapo juu neno «kifafa» limetumiwa kwa kile ambacho Kilatini hukiita morbus comitialis, yaani «ugonjwa wa mkutano mkuu». Warumi waliuita hivyo kwa sababu mtu alipoanguka kifafa mkutanoni, mkutano ulivunjwa siku ile. Tafsiri ya neno kwa neno ingempoteza msomaji.

3. Umande na maji: maarifa ya leo

Yupo kobe aishiye kwa umande? Plinius hakueleza umbo la kobe wake kwa kiasi cha kutosha kumtambua kwa hakika. Sahara na kingo zake zina makobe wa aina mbalimbali. Kaskazini, katika Libya na Misri, yuko Testudo kleinmanni, mmoja wa makobe wadogo kabisa duniani. Kusini, tangu Senegal na Mauritania hadi Sudan na Ethiopia, yuko Centrochelys sulcata, mkubwa kuliko makobe wote wa bara la Afrika, ambaye anaweza kupita kilo 100. Huyu huchimba mashimo marefu na kujificha humo wakati wa joto kali.

Makobe wa namna hii hupata sehemu kubwa ya maji yao katika majani wanayokula. Aliyechunguzwa sana katika jambo hilo ni Gopherus agassizii wa jangwa la Mojave, nchini Marekani. Huyu huishi karibu maisha yake yote shimoni, na anaweza kukaa mwaka mzima au zaidi bila kunywa. Siri yake ni kibofu, ambacho ni ghala la maji: mvua ikinyesha, kobe hunywa kwa wingi, na maji yakikosekana, mwili huyarudisha kidogo kidogo kutoka kibofuni. Huchimba hata vidimbwi vifupi ili vikinge mvua. Ndiyo sababu haifai kumwinua ghafla: kwa hofu anaweza kumwaga mkojo wote, na akiba yake ya miezi mingi ikapotea kwa dakika moja.

Aliye karibu zaidi na kobe wa Plinius, hata hivyo, yuko mbali sana na Roma. Ni Psammobates tentorius, kobe mdogo wa nchi kavu za Namibia na Afrika ya Kusini. Inyeshapo mvua nyepesi, kobe huyu husimama kwa miguu ya nyuma iliyonyooshwa, akashusha kichwa. Maji hutiririka juu ya gamba, yakafuata mifereji yake hadi miguu ya mbele na kinywani. Hanywi umande peke yake, lakini hunywa kutoka mgongoni mwake mwenyewe. Mtu aliyemwona asubuhi yenye ukungu angeweza kusema, bila kukusudia uwongo, kwamba mnyama huyo huishi kwa umande.

Kwa upande mwingine, si kweli kwamba jangwa halina mnyama mwingine. Sahara ina mbweha wadogo, swala, panya, nyoka, nge na wengineo wengi. Na hakuna ushahidi wowote kwamba damu ya kobe huondoa mtoto wa jicho. Ugonjwa huo ni kufifia kwa lenzi ya jicho, nao huondolewa kwa kupasuliwa.

4. Dhamana ya usemi

Yakilinganishwa hayo, jambo la kushangaza linatokea. Kuhusu umande, Plinius alitumia kitenzi creditur, «inaaminika». Kuhusu uchawi na sumu alitumia produntur na dicuntur, «inasimuliwa» na «inasemwa». Lakini kuhusu wanyama wengine wa jangwani na kuhusu damu, alisema moja kwa moja, bila kinga: provenit, «hutokea», pamoja na kikanushi, na facit, «hufanya». Yaani habari aliyoishuku kidogo ndiyo iliyo karibu na ukweli, na zile alizozisema kwa uthabiti ndizo za uwongo. Uthabiti wa kitenzi si kipimo cha ukweli wa jambo.

Je, vitenzi hivyo havina maana basi? Vina maana kubwa, ila si ile inayodhaniwa. Havimwambii msomaji kama jambo ni kweli. Vinamwambia nani amelichukua dhamana. Kwa «inavyoaminika», mwandishi anaacha mlango wazi ili mwingine aje kuchunguza. Kwa kauli ya moja kwa moja, anaufunga.

Kiswahili kina njia kadhaa za kutenda kazi hiyo:

(a) Kobe hao huishi kwa umande.
(b) Kobe hao, inavyoaminika, huishi kwa umande.
(c) Eti kobe hao huishi kwa umande.

Katika (a), kiambishi hu- hakina kiambishi cha nafsi wala alama ya wakati maalum. Tendo linaonekana kama desturi ya daima, isiyo na shahidi wala tarehe. Ndiyo maana hu- ni sauti ya kawaida ya vitabu vya elimu ya viumbe, hali -ka- ni sauti ya ngano: «kobe akaenda, akanywa umande, akalala.» Mnyama wa kubuni akielezwa kwa hu- huvaa nguo za mnyama wa kweli. Katika (b), dhamana inawekwa kwa watu wengine bila kuwacheka. Katika (c), neno «eti» linaleta shaka, na mara nyingi dhihaka.

Mfasiri wa Plinius anayechagua (a) anamfanya aseme asilosema. Anayechagua (c) anamtia mdomoni dhihaka ambayo hakuwa nayo. Chaguo la haki ni (b). Kwa kauli ya damu, kinyume chake, haki ni kuiacha bila kinga kama Plinius alivyoiacha, na kusahihisha jambo lenyewe katika maelezo ya mfasiri, nje ya matini.

5. Imani, watu na makobe

Suala hili si la darasani tu. Mahali pa kwanza linapoonekana ni hospitalini. Kauli «damu ya kobe huondoa mtoto wa jicho», ikitolewa katika kitabu cha zamani na kuwekwa katika Kiswahili safi bila maelezo, inakuwa agizo la mganga. Mgonjwa akiifuata anachelewesha upasuaji ambao ungemrudishia macho.

Mahali pa pili ni kwa makobe wenyewe. Nchini China, bamba la tumbo la kobe limetumiwa karne nyingi katika tiba za jadi, na biashara hiyo ni moja ya sababu za kupungua kwa aina nyingi za Asia. Lakini imani si lazima iue. Kusini mwa Madagascar, katika nchi kavu yenye vichaka vya miiba, anaishi kobe mwenye mistari ya mianga gambani, Astrochelys radiata. Kwa Watandroy na Wamahafaly ni fady, yaani mwiko, kumdhuru au kumla. Mwiko huo ulimlinda kwa vizazi vingi. Waliomharibia ni wageni wasiofungwa na mwiko, pamoja na wafanyabiashara wanaomuuza ng'ambo kuwa mnyama wa kufugwa. Mwezi wa Aprili 2018, karibu makobe 10,000 walikutwa wamerundikwa katika nyumba moja mjini Toliara. Leo aina hiyo imo katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini kabisa kutoweka.

Mwandishi wa Kiswahili anayeeleza fady kwa kusema «kobe huyu huleta balaa» anakosea kama yule wa damu. Akisema «kwa Watandroy, kumdhuru kobe huyu ni mwiko», anasema kweli, na anawapa heshima wenye imani.

6. Hitimisho

Kobe wa Plinius ni nusu mnyama na nusu uvumi. Ile nusu ya mnyama imethibitika kuwa ya ajabu kuliko uvumi wenyewe: kibofu kinachotunza mvua ya mwaka, gamba linalokinga maji. Nusu nyingine imebaki maneno. Kuzitenga nusu hizo ni kazi ya mchunguzi wa viumbe. Lakini kuhifadhi alama zinazomwezesha kuzitenga ni kazi ya mwenye lugha: mfasiri, mwalimu, na mwanafunzi aandikaye kazi yake ya mwisho. Anayefuta «inavyoaminika» kwa kudhani kwamba anafupisha sentensi, anafuta jina la shahidi.