Utangulizi: Keki ya Nyumbani na Mapambo Yake

Anayetaka kujifunza kupamba keki mara nyingi huanza na picha. Ameona keki ya ghorofa tatu, nyeupe, imezungushiwa mawaridi, naye anataka kutengeneza kama ile kwa kipaimara cha mtoto wa dada yake. Hamu hiyo ni njema, na wengi wa mafundi wetu waliingia kwa hamu hiyohiyo. Hata hivyo namkaribisha msomaji apite mlango mwingine, aanze na shughuli yenyewe. Anasherehekewa nani? Keki itakatwa saa ngapi, ukumbini au chini ya turubai? Itasubiri muda gani kabla ya kisu? Nani atalishwa kipande cha kwanza? Karibu kila uamuzi wa mpambaji, kuanzia aina ya aisingi hadi ukubwa wa herufi, unatokana na majibu ya maswali hayo. Picha haikuambii lolote kuhusu joto la Februari wala kuhusu wakwe.

Fani hii ina wasomi wake, na mgeni awafahamu mapema. Sidney Mintz, mwanaanthropolojia wa Marekani, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1985, Sweetness and Power, jinsi sukari ilivyokuwa pambo la karamu za wafalme wa Ulaya kabla haijawa chakula cha kila mtu. Wapishi waliifinyanga wakatengeneza ngome na wanyama, na wageni walitazama kwanza ndipo wakala. Mary Douglas, aliyeanza utafiti wake kwa Walele wa Kasai huko Kongo, aliandika mwaka 1972 kuhusu namna mlo unavyosomeka kwa mpangilio wake na kwa watu wanaoalikwa kuushiriki. Naye Simon Charsley, aliyekuwa ameandika juu ya machifu wa Wanyakyusa, alikuja kuchunguza keki za harusi za Scotland akazitolea kitabu kizima mwaka 1992. Kwamba wawili kati ya hawa walipitia Afrika kwanza, mimi sioni ajabu. Mtu aliyekaa kwenye shughuli zetu akatazama nani ameketi wapi na nani amepewa nyama ipi, hawezi tena kuiona keki kuwa kitu kidogo.

Charsley alikuta jambo moja huko Glasgow ambalo mwanafunzi alibebe popote aendapo. Keki ilikatwa karibu kwenye kila harusi, lakini alipouliza maana yake, wengi hawakuwa na maana ya kueleza. Kitendo kilikuwa kimetangulia, na maana zilikuja nyuma yake, kila mmoja akipachika ya kwake. Kwetu mambo yalikwenda vivyo hivyo, kwa kasi zaidi. Keki yenye aisingi nyeupe ilitufikia wakati wa ukoloni, kupitia misheni, nyumba za maofisa na madarasa ya sayansikimu. Ilikuja na kisu chake, ila haikuja na maelezo, kwa hiyo tukaijaza maana zetu.

Tazama kinachotokea leo kwenye harusi au send-off ya Tanzania. Maharusi hukata keki, hulishana, kisha msherehekeshaji huwaita wazazi. Mara nyingi ziko keki ndogo za pembeni, moja ya wazazi wa bwana harusi, moja ya wazazi wa bibi harusi, na bibi harusi hupiga magoti anapomkabidhi mama mkwe ya kwake. Keki hiyo ndogo imekuwa salamu ya heshima, na mpambaji asiyejua hivyo ataipamba kwa mabaki ya aisingi ya keki kubwa, jambo ambalo familia ya upande wa pili italiona hata kama haitasema. Kwa maoni yangu ndiyo keki inayostahili mkono uliotulia kuliko zote mezani, kwa sababu inatazamwa kwa karibu na watu wachache wanaojua inatoka wapi na inakwenda kwa nani.

Na si unga na sukari tu vinavyofanywa keki. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa ambaye Wachaga wamemfanya fahari ya harusi zao, siku hizi huingia ukumbini kwa ngoma, amesimamishwa juu ya meza, majani mabichi mdomoni, nyanya na karoti zimempamba ubavuni, na maharusi humkata na kulishana. Wengi humwita keki ya asili. Mwanafunzi wa fani hii asimruke. Ndafu anatuonyesha kwamba tulichokipokea kutoka nje kilikuwa zaidi ya pishi. Kilikuwa utaratibu wa kukiweka chakula kizima mbele ya watu, kikiwa kimepambwa, ili kigawanywe na mwenye siku yake. Utaratibu huo ulipata makao kwa urahisi kwa sababu kugawa nyama kwa heshima tulikuwa nao tangu zamani.

Weupe nao una historia yake. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa mwaka 1840, keki yake ilikuwa na uzito wa ratili 300 hivi, yaani zaidi ya kilo 130, imefunikwa kwa aisingi ngumu ya ute wa yai na sukari. Sukari iliyosafishwa hadi ikawa nyeupe kabisa ilikuwa ghali, kwa hiyo weupe ulitangaza mali kabla haujatangaza kitu kingine. Mwambao wetu unaujua upande wa pili wa utamu huo: katika karne ya 19 bonde la Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Naitaja historia hii ya weupe kwa sababu wapambaji wengi wanadhani rangi nyeupe ni sharti la keki ya heshima. Si sharti. Ni fasheni ya matajiri wa zama fulani iliyodumu, na familia inayotaka keki ya rangi ya zafarani ina haki kamili ya kuipata.

Sasa tufike kwenye joto, maana hapa ndipo vitabu vingi vya nje vinapomwacha msomaji wetu njiani. Aisingi ya siagi inayofundishwa kila mahali ni siagi sehemu moja kwa sukari ya unga sehemu mbili, kwa uzito. Siagi huanza kulegea mapema na huyeyuka ikikaribia nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Dar es Salaam mchana wa Januari au Februari hufika nyuzi 31 au 32, na chini ya turubai huzidi hapo. Kwa hiyo ua lililosimama vizuri jikoni saa mbili asubuhi litakuwa limeinama saa nane mchana, na kosa si la mkono wa mpambaji. Mafundi wa mwambao hubadilisha nusu ya siagi, au zaidi, kwa mafuta mgando ya mimea yanayostahimili joto. Ladha hupungua kidogo. Wengine huongeza sukari mpaka aisingi ikaze, nami siwaungi mkono, kwa sababu keki hugeuka kuwa kitu cha kutazamwa tu. Shughuli ikiwa ni ya mchana nje, mathalani Tanga kabla ya masika, ushauri wangu ni kuacha siagi kabisa. Gramu 200 za sukari ya unga zikichanganywa na vijiko vya chakula 2 hadi 3 vya maji ya ndimu hutoa mchuzi mzito unaomiminwa juu ya keki, ukakauka na kung'aa, na ndimu huupunguzia utamu makali.

Friji nayo ina hila zake. Keki iliyofunikwa kwa fondanti, ile aisingi inayosukumwa kama chapati, ikitolewa kwenye baridi ikaingia hewa ya mwambao, mvuke hugeuka matone juu yake, na rangi nyeusi au nyekundu huanza kutiririka. Asiyejua hukimbilia kitambaa, na kupangusa ndiko kunakoharibu. Iache karibu na feni, isiguswe, itakauka yenyewe. Aisingi ya ute wa yai inataka kinyume cha friji, yaani hewa kavu. Wakati wa masika maua yake huchukua muda mrefu zaidi kukauka, kwa hiyo yatengenezwe siku kadhaa kabla. Na kwa kuwa ute mbichi unaweza kubeba vijidudu, familia yenye watoto wachanga, wajawazito au wazee itumie ute wa unga uliokwisha kuuliwa vijidudu kiwandani.

Anayeishi nyanda za juu ana mtihani mwingine. Nairobi na Mbeya ziko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hewa nyepesi huiacha keki iumuke haraka kisha izame katikati. Mpambaji atatumia aisingi nyingi kuziba shimo ambalo lingeepukwa kwa kupunguza kidogo baking powder. Anayeoka kwa sufuria juu ya jiko la mkaa, moto chini na makaa kwenye mfuniko, mara nyingi hupata kichuguu cha rangi nzito juu ya keki. Kikatwe kwa kisu chenye meno ili sehemu ya juu iwe sawa, na watoto wanaozunguka jikoni wapewe. Kisha keki ipakwe aisingi nyembamba ya kunasa makombo, itulie, ndipo ipakwe ya pili. Hatua hiyo moja huleta usafi kuliko kifaa chochote cha dukani.

Mpangilio wa mapambo unaweza kujifunzwa bila kitabu na yeyote anayevaa kanga. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina mahali pake, na hakuna kati ya hivyo vitatu kinachomeza kingine. Keki nyingi zinazochosha macho zina mji tu, uliosambaa mpaka ukingoni, na jina limebanwa baada ya maua kukaa. Jina litangulie kupimwa. Maneno "Hongera kwa Kipaimara" yana herufi 19, na "Heri ya siku ya kuzaliwa" yana herufi 20. Keki ya upana wa sentimita 20 haina zaidi ya sentimita 16 za kuandikia kwa raha, kwa hiyo maneno hayo kwenye mstari mmoja huipa kila herufi nafasi isiyofika sentimita moja, na jina la mtoto bado. Yakate mistari miwili au mitatu, uyaandike kwanza kwenye karatasi iliyokatwa kwa ukubwa wa keki. Ukikosa nafasi, punguza hongera, usipunguze jina la mtu.

Kuhusu mkono wenyewe, Zanzibar, Mombasa na Lamu zina hazina ambayo wapambaji hawajaitumia vya kutosha. Wanawake wanaochora hina na piko hutumia koni ndogo wanayoibana kwa vidole, wakaongoza uzi mwembamba bila kugusa ngozi, wakajua lini kuachia ili mstari usiburute. Kuchora kwa aisingi laini ya ute wa yai ni kazi hiyohiyo: ncha huinuliwa kidogo juu ya keki, uzi ukaachwa ushuke wenyewe. Mchoraji wa hina anaweza kupamba keki vizuri ndani ya muda mfupi, na majani na vikuti vyake huvutia kwenye keki ya Idi, hasa katika nyumba zisizopenda sanamu za watu na wanyama. Nimeona wanafunzi wakinunua nozeli nyingi kabla hawajaweza kubana koni ya karatasi kwa nguvu iliyo sawa. Waanze na koni.

Rangi zinahitaji subira. Nyekundu iliyochanganywa leo huwa nzito zaidi kesho, basi ichanganywe siku moja kabla na isiongezwe kwa pupa. Siagi ina unjano wake, kwa hiyo buluu ikitiwa humo huelekea kijani. Chembe ya zambarau huuzima unjano huo kwanza. Manjano kidogo, zafarani na maji ya choya hutoa rangi za upole ambazo jikoni kwetu tayari zimezoeleka. Wageni wakiwa wa dini mbalimbali, soma maandishi ya pakiti: fondanti nyingi zina jelatini, ambayo huenda ikatoka kwa nguruwe, na rangi nyekundu iliyoandikwa E120 hutokana na wadudu.

Maua mabichi yanapendeza na yanadanganya. Oleanda, ambayo hupandwa kwenye bustani nyingi za mijini, ni sumu tangu jani hadi ua, na haina nafasi karibu na chakula. Mawaridi ya mashamba ya Naivasha yamekuzwa kwa ajili ya vyombo vya maua na hupuliziwa dawa, hivyo hayafai kuchomekwa kwenye keki. Waridi la uani kwako lisilopuliziwa dawa linafaa.

Mwenye kutaka kuichunguza fani hii pamoja na kuifanya, aanze kuweka daftari. Kwenye shughuli ijayo aandike nani aliagiza keki na nani aliitengeneza, ilifika kwa usafiri gani, ilikaa muda gani kabla ya kukatwa, nani waliitwa kulishwa na kwa mpangilio upi. Kisha abaki wakati wa kukusanya vyombo, atazame sahani. Zikirudi na maganda mazito ya fondanti pembeni, ilhali keki yenyewe imeliwa, ajue kwamba safari nyingine kwa familia hiyo apunguze unene wa fondanti hadi milimita 3, au awape mkate wa mayai wenye iliki, zabibu zimepangwa juu, pasipo aisingi hata kidogo.