KUITAMBUA CHIPU NGENI NDANI YA MASHINE YA SIDII

Kila mmoja ashike kalamu yake, kwani leo tutasoma na kuandika herufi na tarakimu.

Somo letu ni juu ya mashine ya kupigia sidii. Mashine ya kwanza ya namna hii kuuzwa madukani ilikuwa Sony CDP-101. Iliuzwa Japani mwezi wa Oktoba 1982. Ukifungua mashine ya sidii utaona ubao mwembamba, na juu yake vidude vyeusi vyenye miguu ya madini. Hivyo ndivyo chipu, na kila chipu ina kazi yake. Je, utaijuaje chipu usiyoifahamu?

Usiitambue kwa umbo. Itambue kwa kusoma.

Kwanza, chomoa waya wa umeme, kisha ngoja dakika chache. Wala usiiwashe mashine iliyo wazi ukachungulia kile kioo kidogo kinachosoma sidii. Mwanga wake hauonekani vizuri, lakini waweza kudhuru macho.

Pili, pangusa mgongo wa chipu kwa pamba yenye spiriti kidogo. Mulika taa kutoka ubavuni, si kutoka juu, nawe utazame kwa kioo cha kukuzia. Herufi zilizofifia zitaonekana.

Tatu, andika kila kitu, mstari kwa mstari. Mara nyingi utakuta alama ya mtengenezaji, jina la chipu, na tarehe. Tuseme umesoma TDA1543, na chini yake 9032. La kwanza ndilo jina. Tarakimu nne za chini kwa kawaida ni tarehe: juma la 32 la mwaka 1990. Usiende dukani ukaomba 9032!

Nne, tafuta mguu wa kwanza. Chipu yenye safu mbili za miguu huwa na pengo dogo kwenye ncha moja. Weka pengo hilo juu. Mguu wa kwanza ni ule wa juu kushoto. Hesabu ukishuka upande wa kushoto, kisha panda upande wa kulia.

Sasa sikilizeni mfano. Chipu TDA1543 na chipu NE5532 zote hutumika katika mashine za sidii. Kila moja ina miguu 8. Ukiziweka kiganjani, ni kama mapacha. Lakini TDA1543 hugeuza hesabu zilizosomwa kwenye sidii ziwe umeme wa sauti, na NE5532 huutia nguvu umeme huo. TDA1543 hupokea umeme chanya wa kuiendesha kwa mguu wa 5. NE5532 huupokea kwa mguu wa 8. Fundi akitia moja mahali pa nyingine kwa sababu zafanana, sauti haitatoka, na huenda chipu ikaungua. Atakayelipa ni nani? Ni yeye, au mwenye mashine.

Kwa hiyo ukishapata jina, tafuta karatasi ya mtengenezaji inayoeleza kazi ya kila mguu. Ilinganishe na njia za shaba zilizo kwenye ubao. Zikipatana, umeijua chipu yako.

Na kama herufi zimefutika kabisa? Soma ubao wenyewe. Kando ya chipu huandikwa, kwa mfano, IC301. Hilo si jina la chipu, bali ni nambari ya mahali pake. Kitabu cha mafundi cha mashine ile kitakuambia ni chipu gani inayokaa hapo. Chipu iliyo karibu na matundu ya kutolea sauti yaweza kuwa ya kutia sauti nguvu. Lakini hiyo ni dalili tu, si jibu.

MAZOEZI
1. Chipu imeandikwa 8845. Yaelekea ilitengenezwa juma gani, mwaka gani?
2. Chora chipu yenye miguu 8. Andika nambari ya kila mguu.
3. Kwa nini umbo halitoshi kuitambua chipu?

Someni tena nyumbani, mmoja asome na mwenzake asikilize. Kwaherini mpaka somo lijalo.