Nani Hufaidi kwa Kichakataji?

Majuzi, katika darasa langu la mofolojia, wanafunzi walizozana kuhusu kile kijipande cha silikoni kinachoendesha mashine za michezo ya video: je, kiitwe prosesa au kichakataji? (Mimi naegemea kichakataji, ijapokuwa wachuuzi wamekwisha kuamua vingine.) Mmoja wao akauliza swali lisilo la isimu: akiuzaye hufaidi kiasi gani?

Nilidhani jibu ni jepesi. Kumbe sivyo. Mashine hizi aghalabu huuzwa kwa hasara zinapoanza kutoka, faida ikitarajiwa kwenye michezo yenyewe. Yamkini basi mwenye mashine ambane muuzaji wa kichakataji bila huruma. Microsoft ilipotoa Xbox mwaka 2001, ilinunua vichakataji kutoka Intel, na vile vya picha kutoka Nvidia, vikiwa tayari. Kadiri miaka inavyosonga, gharama ya kuvitengeneza hupungua. Lakini nafuu hiyo ni ya nani? Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Mwaka 2002 Microsoft na Nvidia zilifikishana mbele ya msuluhishi kwa sababu ya bei, zikapatana mwaka 2003.

Microsoft haikurudia kosa. Kwa Xbox 360, mwaka 2005, ilipata haki za michoro kutoka IBM na ATI, ikaagiza viwandani yenyewe. Ni kama mchapishaji anunuaye muswada wote badala ya nakala za kitabu. Walimu wenzangu waliowahi kuuza muswada wa kitabu cha kiada wanaujua uchungu wa upande wa pili.

Hata hivyo, faida haba si lazima iwe balaa. Mwaka 2013 AMD ilikuwa ndani ya PlayStation 4 na Xbox One pia. Nvidia ilisema waziwazi kwamba malipo ya kazi ya Sony hayakustahili jasho lake. AMD, iliyokuwa taabani, haikuwa na anasa ya kukataa. Mwaka 2015 hisa yake ilishuka chini ya dola 2, nayo mapato ya mashine za michezo yakawa miongoni mwa yaliyoipa pumzi hadi ilipotoa Ryzen mwaka 2017.

“Basi Nvidia walikosea?” akauliza. Nikamjibu kwamba mwaka huohuo wa 2017 Nintendo ilitoa Switch ikitumia Tegra X1, kichakataji ambacho Nvidia ilikuwa imekwisha kukibuni na kukitangaza tangu 2015. Akanyamaza kidogo, kisha akaandika daftarini: prosesa.