Baiti 512 za Siri

Ukiifungua Xbox ya kwanza, ile nyeusi iliyoingia madukani Marekani Novemba 2001, utakutana na vitu ambavyo fundi yeyote wa kompyuta anavijua: prosesa ya Intel ya megahezi 733, kumbukumbu ya megabaiti 64, diski kuu na kiendeshi cha DVD. Hata pedi zake zilitumia USB, ila tundu lilibadilishwa umbo. Ilikuwa kompyuta kamili kwa dola 299. Aliyeinunua hakuwa na ruhusa moja tu: kuweka humo programu aitakayo.

Kizuizi kilianza mara tu umeme ulipowashwa. Prosesa ilisoma kwanza maelekezo ya baiti 512, machache kuliko herufi za aya mbili hizi, yaliyofichwa ndani ya chipu. Humo ndimo ulimokaa ufunguo wa kufumbua programu inayofuata, na programu hiyo ndiyo iliyoanzisha mfumo uliokagua saini ya kila mchezo. Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, haikuwa na saini ya Microsoft, mtengenezaji wa Xbox.

Andrew Huang, wakati huo akisomea uzamivu MIT, alianza kwa kusoma chipu ya kumbukumbu iliyo wazi kwenye bodi. Akakuta msimbo uliofanana na wa kuwashia mashine, lakini sio wenyewe. Hatua yake iliyofuata naistaajabia hadi leo. Siri inaweza kufichwa ikiwa imelala, lakini prosesa haiwezi kuitekeleza bila kuletewa, na inaletwa kwa nyaya za shaba zilizo juu ya bodi. Basi akachagua njia nyembamba, inayopitisha biti 8 kwa mkupuo, akailehemu bodi ndogo aliyoibuni mwenyewe, akanasa kila kilichopita. Kilipita bila kufumbwa. Mwaka 2002 ufunguo ukawa mikononi mwake. Isitoshe, wabunifu walitumia mbinu ya ufumbaji ya RC4, ambayo ufunguo wa kufumbulia ndio wa kufumbia: aliyeweza kusoma aliweza pia kuandika.

Mradi wa Xbox Linux, ulioongozwa na Michael Steil, ukatengeneza Cromwell, programu ya kuwashia iliyoandikwa upya bila kunakili kazi ya Microsoft. Naona uamuzi huo una uzito sawa na ule ufundi wa nyaya: waliidai haki ya kutumia mashine yao bila kuchukua mali ya mtu.

Lakini bado ilibidi mashine ifunguliwe na kutiwa lehemu. Michael Robertson, mwanzilishi wa kampuni ya Lindows, alikuwa ameahidi dola 200,000, nusu yake kwa atakayeendesha Linux bila kugusa vifaa vya ndani.

Jibu lilipatikana 2003 ndani ya mchezo wenye saini halali, 007: Agent Under Fire. Mchezo huo ulisoma faili la hatua zilizohifadhiwa bila kupima urefu wake. Ni sawa na kumimina pishi ya mchele kwenye kibaba: ziada inamwagika. Kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ziada hiyo huangukia pale mashine inapoweka anwani ya hatua inayofuata, na aliyeandika faili ndiye anayechagua anwani hiyo.

Hivyo mtu aliweka diski ya mchezo, akachagua kuendelea pale alipoishia, na Linux ikawaka kwenye televisheni. Kibodi? Waya wa pedi ulikatwa na kuunganishwa na tundu la kawaida la USB.