Mtama kwenye nafasi ya shayiri: zamu za mazao mpakani Busia na Tororo

Shayiri ni zao la nyanda za baridi. Kenya huilima Mau Narok, Molo na Timau. Uganda huilima Kapchorwa na Kween, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Busia na Tororo ziko takriban mita 1,200 tu juu ya usawa wa bahari, na joto la huko haliifai shayiri. Nafaka inayouzwa kwa viwanda vya bia huku ni mtama mweupe.

Soko hilo lilipata nguvu mwaka 2002, Nile Breweries ya Jinja ilipoingiza sokoni bia ya Eagle, iliyopikwa kwa mtama wa Epuripur kutoka kituo cha utafiti cha Serere. Nchini Kenya, mtama hutumika katika bia ya Senator Keg. Bei nafuu ya bia hizi hutegemea nafuu ya ushuru, kwa hiyo bajeti ya serikali humgusa mkulima moja kwa moja: Kenya ilipoitoza Senator ushuru mwaka 2013, mauzo yaliporomoka na ununuzi wa mtama ukapungua.

Shambani kuna gharama mbili. Ya kwanza ni ndege. Mtama mwekundu mara nyingi huwa na uchungu unaowakimbiza; mweupe hauna, na punje zikianza kujaa ni lazima mtu awinge kutwa. Ya pili ni kiduha, gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi. Mtama hudumaa na kunyauka kana kwamba umekosa mvua, hata udongo ukiwa na unyevu. Kiduha kimoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, na mbegu hizo huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10.

Mtama, mahindi na wimbi vyote hunyonywa na kiduha, kwa hiyo kubadilisha nafaka kwa nafaka hakusaidii. Zamu yenye faida huingiza soya, karanga au pamba: mizizi yake huamsha mbegu za kiduha, nazo huchipua na kufa kwa kukosa mmea wa kunyonya. Soya na karanga huongeza pia naitrojeni. Muhogo haushambuliwi, ila hushika shamba mwaka mzima au zaidi. Mwenye ng'ombe huweza kupanda desmodiamu kati ya mistari ya nafaka. Mmea huo hukandamiza kiduha na kuwa malisho.

Kwa hiyo hesabu ya mtama haifungwi kwa msimu mmoja. Magunia yake hupimwa pamoja na ya soya au karanga zilizoutangulia.