DNA YA YAVUYAVU: PETE ILIYOKUWA UZI



Wanafunzi wanaosoma Baiolojia wanajua kwamba ndani ya seli mna mitokondria, sehemu ndogo zinazotoa nguvu kutokana na chakula. Mitokondria ina DNA yake yenyewe, mbali na ile ya kiini cha seli. Mwaka 1981 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, walikamilisha kuisoma ya binadamu. Ina jozi 16,569 za herufi za kikemikali na jeni 37, nayo imefungwa mviringo kama pete.

Je, wanyama wote wako hivyo?

Hapana. Tumtazame haidra, mnyama mdogo sana wa maji baridi. Mwaka 1985 ilielezwa kuwa katika aina mbili za haidra, DNA ya mitokondria si pete, bali ni nyuzi mbili zilizonyooka. Yavuyavu, wale wanyama laini wa baharini wanaowasha ngozi, nao wana uzi badala ya pete. Yavuyavu mmoja wa umbo la sanduku, aitwaye Alatina, uzi wake umegawanyika vipande 8, kama ulivyoonyesha utafiti wa 2012.

Pete haina ncha, lakini uzi unazo. DNA inaponakiliwa, ncha huweza kupungua kidogo kidogo. Ndiyo maana kwenye ncha za nyuzi hizi kuna mfuatano wa herufi unaojirudia, unaosaidia kuzihifadhi.

Faida ya kujua haya ni nini?

Kwa macho, haidra hana mwavuli wa yavuyavu. Hujishikiza mahali na kunyoosha mikono yake, akafanana zaidi na kinyama cha matumbawe. Lakini matumbawe yana pete. Mwaka 1992 watafiti walitumia tofauti hiyo kuonyesha kuwa haidra na yavuyavu ni tawi moja, na matumbawe ni tawi jingine. Umbo la nje lilificha udugu ulioonekana ndani ya seli.

Tena mwaka 2020 ilitangazwa kuwa kimelea mmoja wa samaki samoni, aliye wa ukoo huu huu mkubwa, hana kabisa DNA ya mitokondria.

Basi, mwanafunzi, ukiulizwa umbo la DNA hii, usiandike "wanyama wote wana pete". Andika "wanyama wengi". Neno moja hilo ndilo linalotenganisha elimu na kukariri.